Mizani Kabla ya Kiti: Mkulima wa Butare na Njia ya Siasa

Tarehe 14 Agosti 2024 wabunge wapya wa Rwanda waliapishwa Kigali. Siku kama hiyo kwa kawaida ni ya nguo mpya, picha na pongezi. Rais Paul Kagame aliitumia kuuliza habari za mpunga. Wakulima wa bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, walikuwa wamekwisha kuvuna na mavuno yamekosa mnunuzi: tani zinazohesabiwa kwa maelfu, nyingine zimelala kwenye viwanja vya kuanikia zikisubiri mvua iziharibu. Rais alitaka kujua viongozi wa eneo lile walikuwa wapi. Baada ya siku ile mambo yalikwenda mbio. Serikali iliingilia kati, soko la bidhaa la East Africa Exchange likapewa kazi ya kununua, na magunia yakaanza kupakiwa.

Kati ya gunia lile lililolala Bugarama na kiti cha rais kuna ngazi ndefu: mudugudu (kijiji), akagari (vijiji kadhaa), umurenge (kata), wilaya, mkoa, wizara, bunge. Kila kidato kina watu wake, na wengi wao wamezaliwa katika nyumba za wakulima. Wapo wanaolima mpaka leo, wakitoka kikaoni wanashika jembe. Inakuwaje kilio cha mkulima kiwapite wote hao hadi kiulizwe na mkuu wa nchi mwenyewe? Swali hilo ni kubwa kuliko msimu mmoja wa mpunga. Linahusu kile anachokibeba mkulima anapoingia kwenye siasa, na kile anachokiacha mlangoni.

Butare ninayoizungumzia si ule mji wa chuo kikuu ulioko kusini, ambao siku hizi unaitwa Huye. Ni umurenge mmoja kati ya 18 ya wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, katika vilima vinavyolitazama bonde la Bugarama. Bonde lenyewe ndilo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, takriban mita 950 kutoka usawa wa bahari, pale Mto Rusizi unapoitenganisha nchi na Congo huku Burundi ikiwa jirani wa kusini. Kiswahili hapa hakikuisubiri sheria ya 2017 iliyokifanya kuwa lugha rasmi. Kamanyola iko ng'ambo ya mto, Bukavu iko ng'ambo ya daraja, na mtu anayeuza ndizi au kuku mpakani hujifunza lugha ya mteja wake. Bondeni ni mpunga. Mlimani ni maharage, mihogo, ndizi, mahindi na kahawa, katika vishamba vilivyogawanywa kwa urithi mpaka kaya nyingi zinalima chini ya hekta moja.

Mkulima wa Butare mwenye kiu ya uongozi hakosi pa kuanzia, na hili lazima lisemwe kwa haki. Mudugudu unachagua viongozi wake kwa wananchi kupanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Mpango wa ugani wa Twigire Muhinzi umeweka katika kila mudugudu mkulima mmoja wa kuwashauri wenzake juu ya mbegu, mbolea na nafasi za kupandia. Anayeaminika hapo anaweza kusukumwa na jirani zake hadi njyanama, yaani baraza, ya akagari. Nchi nyingi za jirani zetu hazina ngazi inayogusa ardhi kwa karibu hivyo. Mwanamke mkulima naye ana nafasi ambayo mama yake hakuota, kwa kuwa katiba ya 2003 iliwahakikishia wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi.

Kazi inaanza kuwa ngumu kwenye umurenge. Pale anakutana na gitifu, yaani katibu mtendaji, ambaye hakuchaguliwa na mtu wa Butare bali ameajiriwa. Anakutana na bwana shamba, ambaye naye ni mwajiriwa. Na anakutana na imihigo, zile ahadi za kazi ambazo tangu 2006 mameya wamekuwa wakizitia saini mbele ya rais. Ahadi ya meya hugawanywa kwa miurenge, ya umurenge ikagawanywa kwa akagari, mpaka inamfikia mwenye shamba ikiwa tarakimu: hekta kadhaa za mahindi, kilo kadhaa za mbolea. Mkulima aliyepanda kwa kura za majirani anaikuta sera ikishuka kutoka Kigali, na wote wawili wanapishana kwenye mlango wa ofisi ya umurenge. Mwenye tarakimu ndiye anayepewa njia.

Ili kuelewa nguvu ya tarakimu hizo ni lazima turudi 2007. Mwaka huo Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutia saini mkataba wa kitaifa chini ya mpango wa kilimo wa Umoja wa Afrika, ule uliozaliwa na ahadi ya Maputo ya 2003 ya kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Mwaka huohuo ulianza mpango wa kuongeza tija ya mazao. Yalichaguliwa mazao machache ya kipaumbele: mahindi, ngano, mpunga, viazi mviringo, maharage na mihogo. Mashamba ya majirani yaliunganishwa ili yalimwe zao moja kwa pamoja, kila mtu akibaki na hati yake. Serikali iliagiza mbolea na mbegu na kuzitolea ruzuku. Kwa takwimu za serikali, matumizi ya mbolea yalipanda kutoka takriban kilo 4 kwa hekta mwaka 2006 hadi karibu kilo 30 miaka michache baadaye, na mavuno ya mahindi na ngano yakapanda pamoja nayo. Hayo ni mafanikio ya kweli, katika nchi ambayo miaka 13 kabla ya hapo ilikuwa imeteketezwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Lakini bei yake ilikuwepo, na walioilipa wanajulikana. Watafiti waliokaa vijijini, akiwemo Mbelgiji An Ansoms, wameeleza jinsi maskini wenye vishamba vidogo walivyopoteza kinga yao ya zamani: kuchanganya mazao. Mwenye migomba, maharage na viazi vitamu katika shamba moja hafi njaa zao moja likishindwa. Mwenye mahindi matupu anategemea mvua, mbegu ifike kwa wakati, na mnunuzi aje. Katika baadhi ya maeneo mimea isiyo kwenye orodha iling'olewa. Mjumbe wa njyanama aliyejua haya yote kwa mkono wake mwenyewe alikuwa na nafasi gani ya kuyasema, wakati hekta za mahindi zimekwisha kuandikwa katika imihigo ya meya? Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kasoro. Rwanda haina upungufu wa wakulima katika uongozi. Wakulima wake wanapanda ngazi mmoja mmoja, na mmoja akifika juu hana kilicho nyuma yake zaidi ya kura za mudugudu.

Mwanza, katika Tanganyika ya kikoloni, ilikuwa na hali nyingine miaka ya 1950, na kisa chake kinafaa kutazamwa bila haraka.

Paul Bomani hakuwa mtu wa kushinda shambani. Alikuwa mtoto wa mhubiri, alifanya kazi ya hesabu, na alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Wakulima wa pamba wa Usukuma walimhitaji kwa jambo dogo kabisa: mizani. Mkulima alibeba pamba yake mwendo mrefu hadi kwa mnunuzi, mnunuzi akaipima kwa mizani yake mwenyewe, akatamka uzito, akalipa. Kila mkulima alijua anaibiwa na hakuna aliyeweza kuthibitisha. Jibu la wakulima lilikuwa kuweka wapimaji wao, wenye mizani yao, ili mtu ajue uzito wa pamba yake kabla ya kumfikia mnunuzi. Hakuna hotuba iliyofanya kazi kubwa ya kisiasa kuliko mizani ile. Mwaka 1952 Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na 1955 ukasimama Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria. Kufikia mwishoni mwa muongo ule muungano ulikuwa na vyama vya msingi zaidi ya 300, ulinunua pamba ya kanda nzima, na ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyoendeshwa na Waafrika barani.

Wakati huo serikali ya kikoloni iliibana TANU, chama kilichodai uhuru, katika Jimbo la Ziwa, ikiinyima kibali cha kufanya kazi kwa miaka kadhaa hadi 1958. Ushirika haukuweza kufungwa hivyo, kwani ulikuwa na hesabu, maghala na makarani, na koloni lenyewe lilihitaji pamba. Vikao vya bei ya pamba vikawa mahali watu walipozungumza pia habari za ng'ombe waliolazimishwa kupunguzwa, matuta ya lazima, na faini za mabwana shamba. Kwa hiyo Bomani alipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na baadaye akawa waziri wa kilimo na maendeleo ya ushirika kuelekea uhuru, hakuingia na jina lake peke yake. Nyuma yake kulikuwa na watu walioweza kuamua leo hawauzi.

Kisha mambo yaligeuka. Mwaka 1962 Bomani alikuwa waziri wa fedha. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, waziri huyo huyo alishindwa kura nyumbani kwake Mwanza. Rais Nyerere alimrudisha bungeni kwa kumteua, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Mwaka uliofuata tume ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika na kukuta malalamiko ya ubadhirifu, watumishi wengi kupita kiasi, na wanachama wasiojua hesabu zao. Mizani iliyowekwa ili mkulima asiibiwe na mnunuzi ilikuwa sasa mikononi mwa watu wengine ambao mkulima hakuweza kuwapima. Na 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika na kuzikabidhi mamlaka za serikali kazi ya kununua mazao. Vilirudishwa kwa sheria ya 1982, na hadi leo havijapata tena uzito viliokuwa nao.

Nasoma maisha ya Bomani kama maonyo mawili yanayokwenda pamoja. Mkulima asiye na chama hana sauti serikalini, na chama kinachomfuata kiongozi wake hadi ndani ya serikali hupoteza sauti yake pia.

Uganda ilifikia somo hilo kwa njia ya mkato na ya maumivu. Ignatius Musazi aliwaunganisha wakulima wa pamba na kahawa wa Buganda waliotaka kuchambua pamba yao wenyewe badala ya kuuza kwa bei waliyopangiwa. Baada ya ghasia za Aprili 1949 chama chao kilipigwa marufuku. Musazi alirudi na shirikisho jingine la wakulima, na 1952 akaanzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa nchini humo. Siasa za vyama Uganda zilianzia kwenye gunia la pamba.

Mapema kuliko wote, Wazungu wa Kenya waliijua nguvu ya wakulima walioungana. Lord Delamere, mlowezi wa Njoro, alikuwa mkulima aliyepata hasara kubwa kwa magonjwa ya ngano na kondoo. Hakutegemea huruma ya gavana. Alikuwa na jumuiya ya walowezi, alikuwa na kiti barazani, na kutoka 1923 walowezi walikuwa na ushirika wao wa kuuza mazao. Kwa nguvu hiyo walipata ardhi, nauli nafuu za reli, na Mwafrika akazuiwa kwa miaka mingi kulima kahawa. Ilikuwa dhuluma, tena dhuluma iliyopangwa vizuri, na ilikuwa sera ya kilimo iliyoandikwa na wakulima.

Rwanda nayo ina historia yake ya ushirika na siasa, na ni lazima iguswe kwa uangalifu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 ulizaliwa Kabgayi, chini ya uangalizi wa kanisa, ushirika wa TRAFIPRO, ulioendesha maduka na kununua kahawa. Grégoire Kayibanda alikuwa kiongozi wake kabla hajawa rais wa nchi. Ushirika ule ulimpa mtandao na wafuasi vijijini. Lakini siasa aliyoijenga juu yake ilimtafsiri mkulima kuwa kabila: mwananchi wa jembe akawa Mhutu, na Mtutsi akatolewa nje ya neno hilo hata kama mikono yake ilikuwa na sugu zilezile. Juvénal Habyarimana, rais aliyemfuata, aliendeleza sifa za jembe na kazi ya mikono huku sheria ikimkataza mkulima kung'oa mbuni wake mwenyewe. Mfumo wa dunia wa mgao wa kahawa ulipovunjika Julai 1989 na bei kuanguka, wakulima waliikata miti hiyo licha ya sheria. Shoka lilikuwa kura pekee waliyoachiwa. Na 1994 wauaji waliyaita mauaji "kazi". Mtu yeyote anayetaka kusema leo kwa jina la mkulima wa Rwanda anabeba kumbukumbu hiyo. Ndiyo maana tahadhari ya serikali ya sasa juu ya makundi yenye nguvu yao wenyewe haikuzuka hewani, hata pale inapokwenda mbali mno.

Kuna njia nyingine ya kufika kwenye sera, ile ya shule. Mizengo Pinda, waziri mkuu wa Tanzania kutoka 2008 hadi 2015, alijulikana kama mtoto wa mkulima, na Kilimo Kwanza ilizinduliwa 2009 akiwa ofisini. Kwa Rwanda mfano mkubwa zaidi ni Agnes Kalibata, aliyelelewa Uganda katika familia ya wakimbizi waliolima kishamba kidogo, akasomea wadudu hadi udaktari katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, akawa waziri wa kilimo kutoka 2008 hadi 2014, wakati mpango wa tija ulipokuwa na kasi. Baadaye aliongoza shirika la AGRA, na akawa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kwa mkutano wa mifumo ya chakula wa 2021. Siwezi kudharau safari hiyo. Mtoto wa mkimbizi kuamua mbegu ipi ipandwe nchi nzima ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mtoto wa mkulima akiwa waziri, mkulima mwenyewe bado yuko Butare, na hatari ni kudhani kwamba kumbukumbu ya waziri inatosha kuwa sauti ya wakulima.

Turudi sasa Bugarama, tuitazame bei ya mpunga inavyopangwa. Bei ya chini ya msimu hutangazwa na wizara ya biashara na viwanda. Ushuru wa mchele unaotoka nje ya Afrika Mashariki hupangwa kwa pamoja na nchi za Jumuiya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 75 na Rwanda imekuwa ikiomba kutumia kiwango cha chini ili mlaji wa mjini apate nafuu. Mwenye kinu naye anaangalia mchele wa nje ulio rahisi, analinganisha na bei iliyotangazwa, anafunga mkoba. Mkulima wa Rusizi anabanwa kati ya mamlaka hizo bila kuvuka mpaka wa wilaya yake. Mjumbe wa njyanama wa Butare, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kufika Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, wala kumshika mkono mwenye kinu. Hata meya hawezi.

Anayeweza ni ushirika. Rwanda inavyo vyama vya ushirika vya mpunga, kahawa na chai, vyenye mashirikisho yao, na tangu 2008 ina mamlaka ya serikali ya kuvisimamia. Imbaraga, chama cha wakulima na wafugaji, kipo tangu 1992. Umbo la kile alichojenga Bomani lipo tayari. Kinachokosekana ni nguvu ya kukataa. Chama cha mpunga ambacho kazi yake kubwa ni kugawa mbolea ya ruzuku na kukusanya mavuno kwa mnunuzi aliyetajwa ni ofisi ya serikali iliyowekwa nje ya jengo la serikali. Chama chenye ghala lake, mkopo wake na mizani yake kingeweza, Julai 2024, kuutunza mpunga ukiwa mkavu, kuuza kidogokidogo, na kumwita mbunge aje kuona hesabu. Rais asingelazimika kuuliza.

Na mlimani Butare hali ni ngumu zaidi ya bondeni. Mpunga una kinu, una mifereji, una msimu unaojulikana. Maharage na ndizi huuzwa kikapu kwa kikapu, kwa mchuuzi anayekuja na ndoo yake ya kupimia. Kwenye kilima hakuna mtu wa kumlalamikia kuhusu ndoo iliyotanuliwa pembeni. Anayetaka kuanza siasa ya mkulima Butare angeanzia kwenye ndoo hiyo, kabla ya kugombea chochote: mizani moja ya pamoja, karani mmoja anayeaminika, daftari moja ambalo kila mwanachama ana haki ya kulisoma. Hilo halihitaji ruhusa ya Kigali, halimtishi gitifu, na haliulizi mtu kabila lake wala la babu yake.

Uchaguzi wa mudugudu utakapofika tena, wananchi wa Butare watapanga mstari nyuma ya majirani zao. Ndugu msomaji, kama wewe ni mmoja wao, kabla ya kusimama nyuma ya mtu muulize maswali mawili. Msimu uliopita, mazao yako yalipimwa kwa mizani ya nani? Na ukishinda, daftari la ushirika litabaki mikononi mwa nani?